Aishado ya mati inakugomea? Anza na dalili

Watu wengi wakianza kujipangia paleti yao wenyewe ya aishado, yaani boksi la rangi za kupaka kwenye kope, wananunua visahani (vile vidogo bapa vyenye unga wa rangi) kimoja kimoja, wanafika nyumbani wanapaka, ikitoka vibaya neno la kwanza ni "hii feki". Kuna siku ni kweli. Ila mara nyingi rangi haina shida yoyote, shida iko kwenye kilichopakwa chini yake au kwenye brashi, sa mtu anatupa kisahani kizima afu anarudi Kariakoo kununua kingine ambacho kitamfanyia yale yale. Mi inaniuma hii, kwa sababu hela ya mtu ni hela ya mtu hata kama ni buku tatu.

Hapa nazungumzia aishado za mati tu, zile zisizong'aa, pamoja na paleti tupu ya sumaku unayoijaza mwenyewe kwa rangi unazotumia kweli, badala ya kununua lile paleti la rangi 40 unaloishia kutumia nne. Mati ndo ngumu kuliko zote. Aishado inayong'aa ina vipande vidogo vidogo vya mika vinavyoteleza na kurudisha mwanga, kwa hiyo hata ukipaka haraka haraka mng'ao unaficha. Mati haina pa kujificha, ni talki au kaolini, kitu cha kushikisha unga usimwagike, mafuta kidogo kama dimethikoni, na rangi yenyewe basi. Unga ukiwa mkavu sana utaonekana, ngozi ikiwa na mafuta itaonekana, na brashi mbovu nayo itaonekana.

Kabla hujafika kwenye dalili yoyote fanya hiki kipimo kwanza, kinachukua dakika chache tu. Paka rangi kwa kidole upande wa ndani wa mkono, pasiwe na losheni. Pembeni yake paka kidogo praima yako (ile ya kutangulia chini ili rangi ishike) au konsila (ile krimu ya kufichia madoa), isubiri itulie, afu paka rangi ile ile kwa brashi. Ikitoka vizuri sehemu zote mbili lakini jichoni inakataa, aishado ni nzima, kuna kitu juu ya jicho lako. Ikitoka kwa kidole ila kwa brashi haitoki, ishuku brashi, na hicho ulichopaka chini pia. Ikikataa kote kote hapo sasa unaruhusiwa kulaumu kisahani.

INAPAUKA, JICHO LINAKUWA KIJIVU

Hili ndo lalamiko kubwa kwa sisi wenye ngozi nyeusi na ya chokoleti, nitakaa hapa kidogo.

Chanzo cha kwanza ni weupe uliomo ndani ya rangi yenyewe. Rangi nyepesi za mati zinapatikana kwa kuongeza titani dioksaidi, ile inayoandikwa CI 77891 kwenye boksi, pamoja na talki kwa wingi. Kwenye ngozi nyeupe inatulia inaonekana kama ngozi, kwenye ngozi nyeusi ule weupe unabaki juu juu na jicho linakuwa kama la mtu aliyetoka kupepeta unga. Boksi haliwezi kukwambia weupe umewekwa kiasi gani maana namba za rangi zinaruhusiwa kuandikwa mwishoni bila kufuata wingi, so usikae dukani unasoma mpangilio. Tumia mkono. Chukua rangi kwa kidole, paka, afu endelea kuisambaza mpaka inakaribia kuisha kabisa, hapo ndo uangalie pembeni inapoishia. Rangi nzuri inaishia kwenye kivuli chekundu au cha kahawia kinachopotelea ndani ya ngozi. Rangi yenye weupe mwingi inaacha utando wa kijivu, na utando huo huo ndo utakaouona kwenye mkunjo wa jicho ukishamaliza kublendi, yaani kusambaza rangi mpaka kingo zake zipotee.

Na usiangalie ukiwa ndani ya duka. Maduka mengi ya Kariakoo yana taa nyeupe kali zinazofanya kila kahawia ionekane nzuri. Toka mpaka mlangoni, nyoosha mkono juani, ugeuze geuze. Unakuta rangi mbili ambazo ndani zilikuwa pacha, moja juani inabaki na wekundu wake kama tofali lililochomwa vizuri, nyingine pembeni imegeuka zambarau ya kijivu hivi, haina uhai. Bei moja, duka moja, na kwenye picha ya muuzaji Insta zinafanana kabisa. Muuzaji anayejua kazi yake hatakukataza kutoka mlangoni, atakwambia "angalia tu dada yangu, usichukue kitu hukipendi".

Chanzo cha pili ni konsila. Siku hizi watu wanapaka konsila nyepesi kuliko ngozi yao juu ya jicho lote afu wanaweka kahawia juu yake, kwa sababu ndo walivyoona kwenye video. Kahawia ikikaa juu ya konsila nyepesi inachanganyika nayo ukiwa unablendi, unapata rangi ya simenti. Konsila nyepesi iweke tu kama unataka kuweka rangi ya kuwaka, njano au chungwa. Kwa mati za kila siku weka konsila inayolingana na ngozi yako au iliyozidi wekundu kidogo, au faundesheni yako ile ile kwa tabaka jembamba.

Chanzo cha tatu, rangi haikuwa yako tangu mwanzo. Zile kahawia za baridi zinazoelekea kijivu zinapendwa sana huko zinakotengenezwa, ila kwa wengi wetu hazifanyi kazi ya kivuli, zinafanya kazi ya vumbi. Rangi ya kwanza ya kuweka kwenye mkunjo inatakiwa iwe imezidi ngozi yako kidogo, kwa giza au kwa wekundu. Kutu, tofali, chungwa iliyokolea, kahawia ya karanga zilizokaangwa. Mtu mweusi sana hata maruni inakaa vizuri kama rangi ya kwanza, na wauzaji wengi hawatakwambia hivyo, watakupa kahawia ya maziwa.

Ushanunua tayari? Usitupe. Paka kwanza tofali au chungwa iliyokolea, afu hiyo iliyopauka iguse juu yake kidogo sana katikati ya kope tu, mara nyingi inaokoka. Ikikataa hata hapo mpe mdogo wako mweupe.

Nikiwa bado hapo kwenye kahawia, kuna jambo linalosaidia sana mtu mwenye hela ndogo. Kahawia, tofali, kutu, haradali, zote zinatokana na oksaidi za chuma, nyekundu ni CI 77491, njano 77492, nyeusi 77499, wanachanganya hizo tatu kwa viwango tofauti wanapata karibu kahawia zote unazoziona. Hizo rangi ni za bei ndogo, zina nguvu, zinakubali kusagwa laini, na kampuni kubwa inatumia hizo hizo. Kwa hiyo kahawia ya bei nafuu ina nafasi kubwa tu ya kuwa nzuri. Bluu, zambarau na kijani za mati ndo zinasumbua, zinatumia vitu kama altramarini na zambarau ya manganizi ambavyo kuvifanya vikae laini na sawa sawa ni kazi. Mi ningekuwa na elfu thelathini ningenunua kahawia zangu zote Kariakoo kwa bei ya chini, afu kinachobaki kiende kwenye bluu moja ya maana.

INATOKA MADOA MADOA

Unapaka, sehemu moja imeganda rangi kali, pembeni yake pako wazi, ukiongeza inazidi kuharibika, ukisugua inatoka na konsila.

Angalia doa limekaa wapi. Kama liko pale brashi ilipogusa mara ya kwanza, basi chini palikuwa pabichi. Konsila au praima bado ilikuwa na unyevu, unga ukatua ukanasa pale pale. Dawa yake ni kukausha kwanza, gusa na poda laini ya rangi ya ngozi, au tumia ile ile rangi yako inayokaribia ngozi, pitisha jicho lote kabla ya rangi za giza. Na rangi ya giza usiiburuze siku zote, ibonyeze kwanza ipate kukaa, afu kingo zake ndo uzifute taratibu kwa brashi tupu.

Kama madoa yametapakaa jicho lote bila mpangilio, na hata mkononi kwa kidole yanatokea, unga wenyewe ni mkavu, umekosa cha kuushikisha. Nyeusi na bluu za bei ya chini ziko hivyo sana. Hizi huwezi kuzibadilisha ila unaweza kuzipunguzia kazi, paka wanja wa penseli wa rangi hiyo hiyo kwanza, usambaze kwa kidole, afu aishado iende juu yake kuukausha. Nyeusi ambayo peke yake ilikuwa aibu, juu ya wanja inakuwa nyeusi kweli.

Kama mkononi ilitoka safi na jichoni ina madoa, na hujapaka kitu chini, basi ngozi ya hapo ina sehemu kavu na sehemu za mafuta. Nawa, kausha, weka praima, rudia.

Brashi nayo ina lake. Vile vijiti vya sponji vinavyokuja ndani ya paleti vinafaa kubonyeza rangi kwenye kope, kublendi haviwezi, mtu anavilazimisha ndo anapata michirizi. Ukiwa na brashi mbili tu, moja bapa iliyobana ya kuwekea na moja laini yenye manyoya yaliyojaa ya kublendia, umemaliza. Ila zioshe. Brashi yenye mabaki ya faundesheni inapaka madoa hata kwenye aishado ya laki.

UNGA HAUTOKI, KISAHANI KIMEKUWA KIGUMU

Geuza kisahani kwenye mwanga. Ukiona sehemu uliyokuwa unachovya imekuwa na utando unaometa, wakati rangi ilikuwa ya mati, hayo ni mafuta. Yametoka kwenye vidole vyako au kwenye brashi iliyopita kwenye konsila, yamekaa juu ya unga yakaufunga. Chukua selotepu, bandika juu taratibu, bandua, rudia mpaka unga mpya uonekane. Selotepu ikishindwa kwangua kwa brashi safi ya maskara, kidogo kidogo, usichimbe shimo.

Kikiwa kigumu tangu siku ya kwanza, bila utando wowote, kimekandamizwa sana kiwandani. Kwangua tabaka la juu, mara nyingi chini yake ni laini zaidi. Kama baada ya hapo bado unasugua na hupati kitu, rudisha dukani kama wanarudishiwa, na ukinunua tena bonyeza testa, ile ya dukani ya kujaribia, kwa kidole mara moja tu bila kusugua, rangi ishike kidole kwa mguso huo mmoja.

UNGA UNADONDOKEA MASHAVUNI

Mati laini zinadondosha, hii peke yake sio kasoro, nyingi zinazodondosha ndo hizo hizo zenye rangi nzuri. Paka macho kabla ya faundesheni, ukimaliza futa mashavu, endelea. Chovya brashi kwa kubonyeza, usizungushe, afu igonge pembeni mara moja kabla haijafika jichoni. Wapambaji wengi mjini hapa wanaanza na macho kwa sababu hiyo hiyo. Kitakachokuonyesha kwamba kisahani ni kibovu ni kikidondosha na bado jichoni rangi haipo, yaani unga wote umeenda shavuni. Hicho achana nacho.

IMEJIKUSANYA KWENYE MKUNJO, IMEPOTEA KABLA KEKI HAIJAKATWA

Dar hii. Kuanzia Desemba mpaka Machi joto linafika nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake, umepakwa saa tisa Sinza, umekaa kwenye foleni ya Morocco kwenye bajaji, unaingia ukumbini saa mbili usiku ndo kiyoyozi kinakupuliza. Hakuna unga usiotikisika hapo, wa bei rahisi wala wa bei ghali, kama chini yake pana mafuta.

Kuna mama wa bibi harusi alikuja kupambwa kwa ajili ya sendofu ya binti yake, akakaa akaniambia, "mwanangu, macho yangu haya hayashiki rangi, usijisumbue, nipake wanja tu inatosha." Nikachukua tishu, nikaikunja, nikaiweka juu ya kope zake zilizofumbwa nikaibonyeza kidogo. Nilipoitoa ilikuwa imelowa alama mbili za mafuta zenye umbo la jicho, unaweza kuona mwanga upande wa pili. Nikamuuliza mama unapaka nini usoni asubuhi, akasema mafuta ya nazi, anajipaka mpaka kwenye kope kwa sababu ngozi inakauka. Tukanawa kwa sabuni laini, tukakausha, praima nyembamba, poda, tofali, maruni. Bintiye aliponitumia picha usiku macho ya mama yalikuwa vile vile.

Kwa hiyo fanya kile kipimo cha tishu kabla ya kitu chochote. Mafuta ya nazi, vaselini, losheni nzito, hata sanskrini, vyote vinapanda mpaka kwenye kope hata kama hukukusudia kuvipaka hapo. Nawa, kausha, bonyeza tishu tena. Praima iwe kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti kwa macho yote mawili, isambaze iwe nyembamba, maana praima nyingi nayo inajikunja yenyewe na kubeba rangi yote. Afu poda kidogo, afu rangi kwa tabaka jembamba jembamba. Watu wanaamini seting sprei, ile ya kupuliza mwishoni ili mekapu ikae, itawaokoa. Sprei inashika kilichoko juu, mafuta yanayotoka chini haiyazuii.

Mwenye kope zinazolala, zile ambazo ukifumbua jicho ngozi inagusana na ngozi, atapata mstari tu hata akifanya yote haya, hapo panasuguana kila unapopepesa. Asiweke rangi nyepesi kwenye mkunjo, aweke ya giza peke yake, mstari ukitokea hauonekani.

RANGI IMEBADILIKA AU IMEKUWA TOPE

Kama imekolea baada ya saa moja, tofali imekuwa kahawia ya giza, ni mafuta ya ngozi yameulowesha unga, rudi hapo juu kwenye tishu. Kama imekuwa tope wakati bado unapaka, umechanganya rangi nyingi kwa brashi moja. Chungwa na bluu zikikutana zinauana, njano na zambarau pia. Shika rangi tatu, na brashi ya giza isirudi kwenye ya mwanga.

Kuna nyingine watu hawaishtukii, mati yako imeanza kumeta meta. Hujanunua vibaya, ni kisahani cha glita kilichokaa jirani yake, vumbi lake linaruka kila ukifungua na kufunga. Toa tabaka la juu kwa selotepu na uhamishe glita upande wa mwisho au kwenye paleti nyingine kabisa.

KISAHANI HAKISHIKI KWENYE PALETI

Paleti za sumaku zina karatasi ya sumaku chini, na sumaku inashika chuma tu. Kisahani cha bati kinashika, cha alumini hakishiki hata ufanyeje, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Nenda dukani na sumaku ndogo, ile ya kwenye friji inatosha, iguse nyuma ya kisahani. Ushanunua vya alumini, bandika nyuma kipande chembamba cha sumaku, zile sumaku za matangazo zinazogawiwa za kubandika kwenye friji zinakatika kwa mkasi. Sumaku kwa sumaku zikisukumana geuza upande, au bandika kipande cha bati badala yake.

Saizi iliyozoeleka ya kisahani cha duara ni milimita 26, ndo wanayotumia kampuni ya vipodozi ya MAC na wengine wengi wamefuata, kwa hiyo ukipata cha 26 utakipangia karibu na paleti yoyote iliyo wazi ndani. Kuwa makini na paleti zenye vyumba vilivyokatwa tayari. Kampuni ya Inglot ya Poland kwa mfano wana mfumo wao wa kujipangia, vyumba vimekatwa kwa visahani vyao, vya mwingine havitakaa. Mi nashauri iliyo wazi kabisa isiyo na vyumba, ile ambayo hata ukiamua kesho uweke blashi kubwa katikati inaingia.

Vilikuwa vinashika na sasa vinaanguka? Gundi ya karatasi ya sumaku imeachia, na mara nyingi paleti iliachwa kwenye gari juani. Bandika upya kwa gundi ya pande mbili. Ukitaka kutoa kisahani kutoka kwenye paleti ya plastiki ulichokipenda, pasha upande wa chini kwa pasi ya nywele ya moto mdogo, weka karatasi katikati plastiki isigande, gundi ikilainika sukuma taratibu kutokea chini. Usikwangue kwa kisu kutoka juu, utapasua unga.

KIMEVUNJIKA

Kimefika kwa bodaboda kimekuwa unga mtupu. Kinapona. Ponda vipande vyote viwe laini kabisa, weka matone machache ya spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, ulizia duka la dawa, koroga kwa kijiti cha meno mpaka iwe kama uji mzito, tandika kitambaa safi cha pamba juu, bonyeza kwa sarafu inayoingia ndani ya kisahani. Kitambaa kinanyonya maji maji, badilisha sehemu kavu bonyeza tena. Kiache wazi usiku kucha mbali na moto. Usitumie maji, usitumie pafyumu, na usitumie ile spiriti ya rangi ya kuwashia jiko. Kitatoka kigumu kidogo kuliko zamani na hilo ni kawaida, kwangua juu.

INAWASHA, JICHO JEKUNDU

Hapa hatutafuti ujanja wa kupaka. Nawa kwa maji mengi safi, acha kutumia, na kama jicho linauma, linatoa tongotongo au linaona ukungu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiweke dawa ya macho ya kuazima.

Rangi za waridi kali na neoni ndo za kuangalia zaidi. Kuna rangi ambazo Marekani haziruhusiwi kutumika eneo la jicho, na kuna paleti zinauzwa huku zikiwa na maandishi madogo nyuma yanayosema hivyo hivyo, zisitumike karibu na macho, wakati picha ya mbele ni jicho. Soma nyuma. Hizo hizo ndo zinazoacha doa la waridi kwenye kope hata baada ya kunawa. Kwa hapa kwetu kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe, hata kiwe rahisi vipi, kisipite karibu na jicho lako.

Angalia na kile kialama cha kikopo kilichofunguliwa, 12M au 24M, hiyo ni miezi tangu ufungue. Unga unadumu kuliko maskara ila haudumu milele, ukianza kunuka au kubadilika, aga.

Na testa. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipozagaa Dar mpaka wizara ya afya ikatoa tahadhari, kuna watu walikuwa bado wanajaribu aishado jichoni kwenye testa za madukani, zile zilizochovywa na kila mtu. Testa ni ya mkononi tu, siku zote. Ukishaumwa macho mekundu brashi zote zioshe kwa sabuni, sponji tupa, maskara na wanja wa maji tupa, na visahani ulivyovigusa ukiwa unaumwa bora navyo uviache, najua inauma kutupa, ila jicho halina spea. Na wewe unayepamba watu, mteja mwenye jicho jekundu mwambie kwa upole mpaka apone. Atakuelewa, na asipokuelewa bado wana usalama wateja wako wengine.

PALETI IMEJAA ILA JICHO NI LILE LILE

Hii inakuja mwisho, ukishazoea. Una kahawia tisa, umezipenda zote, kila ukipaka unapata jicho moja. Tatizo ni kwamba kwenye visahani zinaonekana tofauti kwa sababu unga ni mwingi, ukizisambaza jichoni zinakuwa familia moja.

Kabla ya kununua nyingine nenda na paleti yako dukani. Paka za kwako mkononi kwa mstari, paka na hiyo mpya katikati yao, toka mlangoni, nyoosha mkono wote. Kama kwa urefu wa mkono huwezi kuonyesha ipi ni mpya, rudisha. Nafasi hiyo iwekee kitu ambacho huna, wengi hawana giza la kweli, wana kahawia ya kati nyingi na hawana hata moja inayoweza kusimama pembeni ya jicho kwenye picha za usiku. Nyeusi yenye wekundu ndani, au maruni iliyokaribia nyeusi. Na ukiwa na hiyo, tofali yako, na moja inayokaribia ngozi yako, unaweza kwenda kazini, kanisani, msibani na kwenye kicheni pati bila kugusa kisahani kingine, hizo nafasi zilizobaki ndo za bluu, kijani na chochote moyo unapenda.